Duka la Kupewa na Duka la Kujengwa

Kila mara habari inapoenea hapa Masako kwamba serikali imetenga fedha kwa ajili ya kazi za vijana na biashara ndogo, maswali mawili hutangulia mengine yote: ni kiasi gani, na orodha ya majina iko kwa nani? Maswali hayo si mageni. Mji wetu wa Kisangani uliyauliza zaidi ya miaka 50 iliyopita, na yaliyotokea wakati ule yangali yanatufundisha.

Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza mbele ya Baraza la Kutunga Sheria kwamba maduka, mashamba makubwa na biashara nyingine za wageni zitakabidhiwa Wazaire. Hatua hiyo iliitwa zairianizasio. Nia yake ilikuwa na haki ndani yake. Miaka 13 baada ya uhuru, maduka ya mjini na mashamba ya kahawa ya pande zetu yalikuwa bado kwa sehemu kubwa mikononi mwa wageni: Wagiriki, Wabelgiji, Wareno na Waasia. Mwananchi alikuwa karani, dereva au mchuuzi. Kuwa mwenye mali ilikuwa nadra. Ni nani angekataa wenyeji washike uchumi wa nchi yao?

Ubaya ulikuwa katika namna ya kugawa. Mali nono ziliwaendea wakubwa wa chama na wa serikali, pamoja na jamaa zao. Wengi wao hawakuwahi kuendesha duka hata siku moja. Waliuza bidhaa walizozikuta, wakatumia mapato yote kana kwamba ni faida, wala hawakuagiza bidhaa nyingine. Maduka yakabaki matupu, wafanyakazi wakapoteza kazi, na mkulima wa kijijini, aliyezoea kumuuzia mfanyabiashara mazao na kununua kwake chumvi na nguo, akakosa mnunuzi na muuzaji kwa pamoja. Ni kweli kwamba bei ya shaba ilianguka kuanzia mwaka 1974, nchi ikapungukiwa fedha za kigeni, na hata wenye bidii wakabanwa. Lakini anguko la shaba halikumlazimisha mtu kula mtaji. Mwaka 1976 serikali yenyewe iliwaalika wenye mali wa zamani warudi, ikiwarudishia hata asilimia 60 ya mali zao.

Hata hivyo, masimulizi hayaishii hapo. Mwaka 1979 na 1980 mtafiti Janet MacGaffey aliwachunguza wafanyabiashara wa Kisangani, na kitabu chake kilitoka mwaka 1987. Alikuta kwamba walikuwapo wenyeji waliokuwa wakisimamisha biashara za kweli, na wengi wao hawakuwa na cheo wala mkubwa wa kuwainua. Walikuwapo Wanande walioleta maharage na mboga kwa malori kutoka Kivu. Walikuwapo wanawake waliopeleka vyakula Kinshasa kwa meli za mtoni. Watu hawa walisimamia kazi yao wenyewe, na faida waliirudisha kazini. Mmoja alipewa duka akalimaliza. Mwingine alianza na magunia machache akajenga duka.

Je, tuseme basi kwamba serikali haihitajiki? La. Lori la maharage lilihitaji barabara. Mihogo na makala ya Masako nayo husafiri kilomita 14 hivi hadi mjini kwa barabara ya zamani ya Buta, na njia ikiharibika, mtaji wa mama muuzaji huozea njiani. Tena sheria ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya mikataba. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016. Huo ulikuwa msaada mkubwa kwa biashara, ingawa haukugawa hata franga moja.

Leo mifuko ya serikali ipo. Mfuko wa Kuendeleza Viwanda uliundwa mwaka 1989, na hulishwa na kodi juu ya bidhaa za viwandani, zinazotengenezwa nchini na zinazotoka nje. Maana yake, anayenunua sabuni sokoni anauchangia. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 175, imeyawekea majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yazuiwe palepale yanapokusanywa, ingawa agizo hilo halijatekelezwa kama lilivyoandikwa. Fedha hizo si zawadi ya mkubwa yeyote. Ni zetu, kwa hiyo tunayo haki ya kuuliza: nani amepewa, kwa kazi gani, amelipa kiasi gani, na nani anayekagua?

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo inamhusu waziri, nayo inamhusu kijana mwenye meza ya vocha kando ya barabara. Hatuwezi kudai hesabu za jimbo ikiwa sanduku la kikundi chetu halina hesabu. Katika kikao kijacho, kila kikundi kijadili mambo haya mawili: ni kazi gani hapa Masako imekwisha kusimama kwa jasho la wenyeji, na ni kitu gani kimoja, barabara, mkopo au mafunzo, kingeifanya iajiri mtu wa pili? Atakayekwenda mjini kuomba fedha za mfuko akiwa na jibu hilo na daftari lake mkononi, atakuwa na hoja nzito kuliko jina katika orodha.