Mabonde Yaliyoilisha Njombe

Historia ya uchumi wa Njombe husimuliwa kama orodha ya vilivyoletwa: miwati ya kampuni ya TANWAT tangu 1949, chai ya Kibena na Luponde, kisha reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa 1976 na kuukuza mji wa Makambako. Kilimo cha Wabena, wenyeji wa Njombe, huwekwa pembeni, eti ni mabaki ya zamani. Naona kinyume chake. Vinyungu, yaani matuta ya mabondeni yanayolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini, ndivyo vilivyobeba gharama ambazo waajiri na serikali hawakuzilipa. Enzi za Waingereza, wanaume wa Njombe walikwenda kuwa manamba, yaani vibarua, katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kwa ujira mdogo. Ujira huo uliwezekana kwa sababu nyumbani wanawake waliendelea kulima; mahindi mabichi, maharage na maboga ya bondeni yalifika jikoni wakati ghala la mlimani limekauka.

Atakayepinga atasema barabara na bei ndizo zilizoleta fedha. Kweli, bila njia panda ya Makambako viazi vya Njombe visingefika Dar es Salaam kwa wingi ule. Lakini soko ni kigeugeu. Miaka ya 1970 serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima na kutoa mbolea ya ruzuku, na nyanda za juu kusini zikawa ghala la taifa. Ruzuku ilipoondolewa miaka ya 1990, hesabu ile ikavunjika. Wakulima wakageukia viazi, mbao na baadaye parachichi. Msindano huchukua zaidi ya miaka kumi kabla ya kupasuliwa mbao, na mparachichi hauzai mwaka unaopandwa. Anayesubiri hivyo lazima awe na chakula kisichotegemea mti wake, na kinyungu ndicho hukitoa.

Pingamizi zito zaidi ni la maji, kwani mabonde hulisha mito, na mingi ya mito ya huku huishia katika mto Rufiji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zenye madhara, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na kinyungu kinachokausha chemchemi sikitetei. Ila kinyungu hulimwa kwa msimu, ilhali mkaratusi uliopandwa bondeni hunywa maji mwaka mzima. Ukaguzi unaomwandama mwenye jembe na kumpita mwenye mikaratusi unalinda biashara ya mbao kuliko mto.