Kinga ya unene kwa vijana Migori na Homa Bay: Jinsi ya kupanga na kutafuta pesa

UNENE wa kupindukia ulichukuliwa kwa miaka mingi kuwa maradhi ya matajiri wa mijini, wala si jambo la kuwashughulisha wakazi wa ufuo wa Ziwa Victoria. Takwimu zinakanusha dhana hiyo.

Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya (KDHS) wa 2008-09 ulibaini kuwa asilimia 25 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa wamezidi uzani unaofaa. Kufikia utafiti wa 2014, kiwango hicho kilikuwa kimepanda hadi asilimia 33.

Nalo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mnamo 2022 watoto na vijana milioni 390 wa umri wa miaka 5 hadi 19 ulimwenguni walikuwa na uzani uliozidi. Kati yao, milioni 160 walikuwa na unene wa kupindukia, hali ambayo huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Kwa kikundi, shule au kanisa linalotaka kuanzisha mradi wa kuzuia hali hiyo katika kaunti za Migori na Homa Bay, swali la kwanza huwa ni nani atatoa pesa. Hata hivyo, swali hilo halina budi kutanguliwa na jingine: tatizo lenyewe ni kubwa kiasi gani hapa, na linawapata akina nani?

Takwimu za taifa hazitoshi kumshawishi mfadhili. Maisha ya kijana wa Oyugis au mji wa Migori, anayekula chipsi na soda na kusafiri kwa bodaboda, si sawa na ya mwenzake anayevua samaki Mfangano, anayechimba dhahabu Macalder au anayekata miwa Awendo.

Ni lazima pia mpango ueleze unamaanisha nini kwa neno kijana. Katiba ya 2010 inamtambua kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafikisha 35, ilhali WHO huhesabu balehe kuanzia miaka 10 hadi 19. Tofauti hiyo ndiyo huamua ni nani atakayetoa idhini na ni ofisi gani itakayohusika.

Upimaji nao una kanuni zake. Kwa mtu mzima, uzani wa kilo hugawanywa kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Jibu la 25 au zaidi ni uzani uliozidi, na 30 au zaidi ni unene wa kupindukia. Kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 19, jibu hilo hulinganishwa na majedwali ya WHO ya 2007, kwa kuzingatia umri na jinsia.

Rekodi za afya za mtoto zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayohitaji idhini ya mzazi au mlezi. Iwapo upimaji ni utafiti, unahitaji pia kibali cha kamati ya maadili na leseni ya tume ya kitaifa ya sayansi, NACOSTI. Isitoshe, mwanafunzi asipimwe hadharani wala uzani wake usitangazwe mbele ya wenzake, kwani aibu humfukuza kijana kabla ya mradi kumsaidia.

Jambo jingine linalohitaji busara ni historia ya kaunti hizi mbili. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikadiria kuwa asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay na asilimia 13 Migori walikuwa wakiishi na virusi vya HIV. Katika jamii iliyozika wengi kutokana na Ukimwi, wembamba umehusishwa na ugonjwa, na unene kuonekana ishara ya afya na maisha mema.

Kwa hivyo, ujumbe unaowahimiza vijana wakonde unaweza kukataliwa, au hata kudhuru. Ni heri kuzungumzia nguvu, michezo na mlo bora. Aidha, kijana anayetumia dawa za kupunguza makali ya HIV aelezwe bayana kwamba hata akiongeza uzani asiache dawa, bali amwone mhudumu wa afya.

Vilevile, kinga ya unene isishindane na vita dhidi ya utapiamlo. Utafiti wa KDHS wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Mama mwenye uzani uliozidi na mtoto aliyedumaa wanaweza kuishi katika nyumba moja, na chanzo cha yote mawili kikawa mlo duni.

Habari njema ni kwamba chakula bora hakihitaji kuagizwa kutoka mbali. Omena, maharagwe, mtama, mnavu na mrenda vinajulikana tangu jadi. Mradi unaweza kuvihimiza badala ya mandazi na soda langoni mwa shule, pamoja na mazoezi ya dakika 60 kila siku, ambayo WHO inapendekeza kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17.

Baada ya hayo ndipo suala la pesa linapofaa kujadiliwa. Kwa mujibu wa Katiba, huduma za afya za mashinani, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni majukumu ya kaunti. Shule za msingi na za upili zimo mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Mradi wa shuleni basi unahitaji idhini ya maafisa wa Wizara ya Elimu, hata kama idara ya afya ya kaunti imeukubali.

Bajeti ya kaunti ina kalenda yake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya sera za kifedha kufikia Februari 28, na makadirio ya matumizi kufikia Aprili 30. Mwaka mpya wa kifedha huanza Julai 1.

Kikundi kinachobisha mlango wa diwani mwezi Juni huwa kimechelewa. Wakati mwafaka ni vikao vya kukusanya maoni ya umma, ambapo wakazi wanaweza kudai kinga ya unene itajwe na kutengewa kiasi mahususi cha fedha.

Kabla ya kupokea pesa, kikundi sharti kiwe na usajili. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inahitaji wanachama wasiopungua kumi. Mfadhili pia atataka kuona katiba ya kikundi, akaunti ya benki na hesabu za fedha.

Ombi lenyewe lieleze kwa ufupi tatizo, walengwa, shughuli, gharama, na namna matokeo yatakavyopimwa. Lengo la kuhamasisha vijana halipimiki. Lengo la kuongeza idadi ya wanafunzi wanaofanya mazoezi kila siku, katika shule kadhaa zilizotajwa na kwa muda uliowekwa, linapimika. Gharama za mizani, vipimo vya kimo, nauli, mafunzo na ufuatiliaji ziorodheshwe moja baada ya nyingine.

Wahisani wa kigeni wanaweza kusaidia, lakini wasiwe nguzo pekee. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, miradi ya HIV iliyoitegemea ilitikisika, zikiwemo huduma za eneo la Nyanza. Ikiwa maradhi yaliyopewa mabilioni kwa zaidi ya miaka 20 yaliyumba hivyo, kinga ya unene haiwezi kujengwa juu ya ruzuku ya mwaka mmoja.

Mradi utakaodumu ni ule ambao kazi zake za kila siku zinafanywa na walimu na wahudumu wa afya wa vijijini, ukiwa na fungu katika bajeti ya kaunti. Msaada wa nje utumike kununulia vifaa na kugharimia mafunzo ya mwanzo, ili mfadhili atakapoondoka, vijana wasibaki na fulana na mabango pekee.