Asili ya Neno Spika

Yako maneno ambayo twayatamka kila siku bila kujiuliza yalikotoka. Mojawapo ni neno la Kiingereza "speaker", ambalo kwa asili lamtaja mtu yeyote asemaye: awe ahutubia mkutano, awe aijua lugha fulani na kuizungumza. Kwa maana hizo Kiswahili hakikuwa na haja ya kukopa, kwa kuwa tunao msemaji, mnenaji na mzungumzaji. Hata hivyo tulilipokea neno hilo, tukaliita spika, nasi twalitumia kwa mambo mawili yasiyoonekana kuwa na udugu wowote: mkuu wa Bunge, na chombo kitoacho sauti katika redio.

Tuanze na mkuu wa Bunge. La ajabu ni kwamba huyu aitwaye msemaji hashiriki katika majadiliano. Yeye hukaa kitini, huwapa wengine nafasi ya kusema, na huwanyamazisha wanaovunja utaratibu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haimpi hata kura. Kwa nini basi akaitwa msemaji? Jibu limo katika historia ya Uingereza.

Mwaka 1376, wakati wa Mfalme Edward III, wajumbe wa miji na wilaya walikutana Westminster wakiwa na uchungu mwingi, maana baadhi ya watu wa karibu na mfalme walikuwa wakifuja mali ya nchi. Wajumbe wakamteua mmoja wao, Peter de la Mare, aende akaseme kwa niaba yao wote. Alisema bila kuficha neno. Wahenga wetu husema mjumbe hauawi. Huyu hakuuawa, lakini baada ya baraza kuvunjika alitiwa kifungoni. Mwaka uliofuata, 1377, Thomas Hungerford akawa mtu wa kwanza kuandikwa katika kumbukumbu za Bunge hilo kwa cheo cha Msemaji. Basi maana ya kwanza ya cheo hiki ilikuwa kinywa cha wengi mbele ya mtawala mmoja. Hadi leo, Spika mpya achaguliwapo mjini London, wenzake humshika mikono wakamvuta mpaka kitini, naye hujifanya kukataa. Ni mchezo tu, lakini unakumbusha zama ambapo kazi hiyo iliogopwa.

Uzito wa cheo hicho ulidhihirika tarehe 4 Januari 1642. Siku hiyo Mfalme Charles I aliingia Bungeni, askari wake wakingoja mlangoni, akitaka kuwakamata wajumbe watano. Alipoona hawamo alimwuliza Spika, William Lenthall, wako wapi. Lenthall alipiga magoti kwa heshima, akajibu kwamba mahali hapo hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kama Bunge lenyewe litakavyomwamuru. Mfalme akaondoka mikono mitupu.

Cheo hicho kilifika Kenya kupitia Baraza la Kutunga Sheria la wakati wa ukoloni, nacho kilibaki baada ya uhuru wa mwaka 1963. Hapa pia kiti hicho kilijaribiwa. Mwezi Oktoba 1975, mbunge Martin Shikuku alisema kwamba wako watu waliotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Alipotakiwa athibitishe, Naibu wa Spika, Jean-Marie Seroney, aliyekuwa kitini, aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge, wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa, wasifunguliwe hadi Desemba 1978.

Sasa tukitazame chombo cha sauti. Mwaka 1925 wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza aina ya spika ambayo ndiyo mama wa nyingi tulizo nazo. Umeme unaofuata mawimbi ya sauti hupita katika waya uliozongwa karibu na sumaku. Waya hutetemeka, nao hutetemesha karatasi ngumu. Karatasi huitetemesha hewa, na hewa hulifikia sikio. Chombo hiki hakina neno lake chenyewe. Kikiwa kizima, twasikia sauti ya mwimbaji au ya msoma habari kama ilivyo. Kikipasuka, huanza kukwaruza, na twasikia makelele yake badala ya maneno yaliyotumwa.

Hapo ndipo udugu wa maana hizi mbili uonekanapo. Spika wa Bunge na spika ya redio havifanyi kazi kwa ajili ya sauti yao wenyewe, bali kwa ajili ya sauti za wengine. Spika wa Bunge apendeleaye upande mmoja ni kama chombo kilichopasuka: wananchi hawasikii tena waliowatuma, wasikia mkwaruzo. De la Mare, Lenthall na Seroney hawakusifiwa kwa wingi wa maneno yao. Walisema machache, lakini yalikuwa ya wale waliowaweka kitini, nao waliyasema mahali ambapo kunyamaza kungekuwa salama zaidi.