Uigizaji nao unasomewa: njia mbili kwa kijana wa Kilwa

Mzazi wa Kiranjeranje anayesomesha kwa fedha za ufuta ana haki ya kuuliza: uigizaji nao ni kazi ya kusomea? Tunajibu ndiyo, na mfano uko karibu. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, alisomea sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tamthilia yake, Kinjeketile, ya mwaka 1969, inahusu Vita vya Maji Maji, vilivyoanzia Nandete, hapa hapa Kilwa, mwaka 1905.

Njia ni mbili. Mwenye cheti cha kidato cha nne aulizie TaSUBa, Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa. Hutoa astashahada na stashahada. Aliyefaulu kidato cha sita anaweza kuomba shahada Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mkopo Bodi ya Mikopo.

Mwanafunzi hunoa sauti na mwili, huchambua tamthilia na hujifunza kuongoza mchezo. Lakini kazi za jukwaani huja kwa msimu. Kwa hiyo ajifunze pia kuandika, kutangaza au kufundisha. Sifa na ada hubadilika; thibitisheni chuoni kabla ya kulipa.