Ngoma Ndogo ya Karagwe

Mwezi wa Novemba 1861, msafara ulioondoka Unguja zaidi ya mwaka mmoja kabla yake uliwasili kwenye makao ya Rumanyika, Mukama wa Karagwe, magharibi ya ziwa Nyanza. Wakuu wa msafara huo walikuwa John Hanning Speke na James Augustus Grant, maafisa wawili wa jeshi la Waingereza la Bara Hindi. Lakini waliouchukua kwa mabega, kwa miguu na kwa ulimi walikuwa watu waliotokea huku kwetu, akiwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa Bara Hindi utumwani, akapata uhuru wake, kisha akarejea Unguja. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863, Speke anasema kwamba maamkizi ya kwanza ya Mukama yalikuwa ya Kiswahili kizuri. Kwa hivyo, tunapoitaja Karagwe katika kurasa hizi za kisiwani hatuitaji nchi ya mbali. Lugha yetu ilikwisha fika huko na kukaribishwa barazani kwa mfalme.

Miongoni mwa mambo ambayo Rumanyika alimhadithia mgeni wake ni namna alivyopata ufalme. Baba yake, Ndagara, alipofariki, watoto watatu waliudai urithi: yeye Rumanyika, na ndugu zake ambao Speke anawaandika kwa majina ya Nnanaji na Rogero. Wakubwa wa dola wakawawekea mbele yao ngoma moja ndogo, nao wakaambiwa kwamba atakayeweza kuinyanyua ndiye atakayetawala. Kwa uzito wake wa asili ngoma ile ilikuwa si kitu, nyepesi kama unyoya. Lakini wakubwa wale waliipaka dawa nyingi hata ndugu wawili hawakuweza kuibandua ardhini. Rumanyika aliinyanyua kwa kidole chake kidogo cha mwisho.

Msomaji wa leo anaweza kukisoma kisa hiki kwa njia mbili. Anaweza kucheka, akasema ni hadithi za wafalme, ambao kila mahali hupenda kusimuliwa kwamba walizaliwa watawale. Au anaweza kusita kidogo penye jambo moja ambalo mimi kila nikilirudia linanigusa: kwamba uzito haukuwa wa ngoma. Ngoma ilikuwa nyepesi tangu mwanzo. Kilicholemea ni kile kilichopakwa juu yake.

Sisi tuandikao tunaijua ngoma hiyo vizuri. Ni nani kati yetu asiyekuwa na mkoba wa karatasi zenye beti tatu za utenzi uliokusudiwa kuwa na beti mia tatu? Tukiulizwa, tunajibu kwamba ilhamu haijashuka. Jawabu hilo lina heshima yake, kwa kuwa neno lenyewe lina heshima. Lakini tukijipima kwa insafu tutaona kwamba ubeti wa nne si mzito kuliko wa tatu. Tulichokipaka juu yake ndicho kizito: hofu ya wakosoaji, kumbukumbu za mabingwa waliotutangulia, na ile ahadi tuliyoitangaza kabla ya kuianza kazi. Na lililo kweli kwa mshairi ni kweli kwa mkulima, kwa mwanafunzi, na kwa kijiji kizima.

Hata hivyo, kabla ya kufanya mafunzo, yatupasa tuitendee haki tarehe. Kidole cha Rumanyika hakikuwa peke yake. Speke huyo huyo anaeleza kwamba Rogero hakuukubali uamuzi wa ngoma. Alipigana na nduguye, na Rumanyika akawa katika hali ya kuzidiwa. Aliyemwokoa ni Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi aliyekuwa na makao Kazeh, mahali panapoitwa leo Tabora. Huyu alitoa pembe za ndovu kumpa Kabaka Suna wa Buganda ili apeleke askari kumsaidia Mukama mpya. Basi nyuma ya kidole kile kulikuwa na mkono wa mfanyabiashara, na nyuma ya mkono huo jeshi la jirani. Wazee wetu walikwisha kutuonya kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mfalme alikihifadhi kidole katika hadithi na kuisahau mikono, kama wafanyavyo wengi waliofaulu.

Ipo pia sura nyingine ya kutotenda ambayo haifai kuchanganywa na uvivu. Mwezi wa Januari 1862 Speke alipoendelea na safari kuelekea Buganda, Grant alibaki Karagwe kwa sababu ya kidonda kibaya cha mguu. Alilala huko hadi Aprili, asiweze hata kusimama sawasawa. Mwenziwe ndiye aliyetangulia kuliona jambo walilolisafiria wote wawili. Lakini miezi ile haikupotea bure: Grant aliandika na kuchora aliyoyaona, na sehemu nzuri ya kitabu chake cha mwaka 1864 ni maelezo ya maisha ya Karagwe aliyoyakusanya akiwa mgonjwa. Mtu anaweza kuzuiliwa miguu asizuiliwe macho. Mapumziko ya lazima si aibu. Aibu ni pale mguu unapopona, naye mtu akaendelea kulala.

Karagwe yenyewe ilikuja kuangushwa. Baada ya Rumanyika kufariki, nyumba ya utawala iligawanyika kwa ugomvi wa urithi. Katika miaka ya 1890 sotoka iliyoenea Afrika ya Mashariki iliteketeza ng'ombe. Ndui nayo iliteketeza watu. Kisha wakaingia Wajerumani. Nchi iliyosifiwa na wageni kwa wingi wa mifugo ikawa na mapori makubwa. Tena hasara ya ng'ombe haikuwa ya maziwa na heshima tu. Huko magharibi ya Nyanza, kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, hupata nguvu zake kutokana na samadi. Ng'ombe huchunga majani ya rweya, uwanda wa nyasi, na jioni huyaleta mpaka mlangoni kwa njia ya tumbo lake. Ng'ombe akiondoka, nyumba bila ya ng'ombe huvuna kila mwaka na kurudisha kidogo. Ndipo linapozaliwa neno ambalo wakulima wengi wa Kiafrika wanalo: ardhi imechoka.

Katika nchi hiyo ndipo kilipo Chonyonyo, mahali pa vilima katika wilaya ya Karagwe, zaidi ya mita 1500 juu ya usawa wa bahari. Udongo wake una asili ya majivu ya volkano. Ni mwepesi kulima, lakini una tindikali, na fosforasi inayoweza kufikiwa na mizizi ni haba. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na katikati ya mwaka huwa kiangazi kirefu, wakati ambapo ndoo ya maji hupimwa kwa saa za kutembea, na anayetembea mara nyingi ni mama au binti yake. Kwa mtu anayetafuta sababu za kukaa kitako, Chonyonyo panazo za kutosha: tarehe ya kuanguka, ardhi iliyochoka na maji yaliyo mbali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la wakulima wa Karagwe walianzisha jumuiya yao waliyoiita Mavuno. Tuliangalie jina hilo. Walilichagua kabla hakijavunwa kitu, lakini hawakuishia kwenye jina. Kazi zilizofuata zilikuwa za kiasi cha ngoma ndogo: matangi ya kukingia maji ya mvua kutoka mapaani, miti, majiko yanayokula kuni chache, mbolea. Baadaye wahandisi wa kujitolea kutoka Ujerumani walishirikiana nao, kama Musa Mzuri alivyoshirikiana na Mukama, ila safari hii bila ya pembe za ndovu. Pakajengwa Chonyonyo shule ya sekondari ya wasichana yenye bweni, na maji ya mvua yakakusanywa kwa ajili yake. Binti ambaye angelitumia asubuhi yake njiani na ndoo kichwani akapata kuitumia darasani.

Mwaka 2014, katika msimu wa mvua za mwanzo, palifanywa hapo Chonyonyo jaribio la kilimo ambalo matokeo yake yalichapishwa baadaye katika majarida ya elimu ya udongo. Mahindi, maharage, vitunguu na kabichi vilipandwa katika vitalu vilivyogawanywa. Vingine viliachwa na udongo wake mtupu, vingine vilipewa tope linalotoka katika mtambo wa gesi ya samadi, vingine mboji ya kawaida. Na vingine vilipewa mboji ya namna ya pekee, iliyotengenezwa kwa mabaki ya jikoni na ya shambani, majivu, vumbi la mkaa, na kinyesi cha binadamu kilichopashwa moto katika tanuri mpaka vijidudu vya maradhi vikafa. Mboji hiyo ya mwisho ndiyo iliyoongoza. Tindikali ya udongo ilipungua, fosforasi ikapatikana, na mahindi yakazaa kuliko katika vitalu vingine vyote. Ardhi iliyoambiwa imechoka ilikuwa na njaa, na chakula chake kilikuwa kinafukiwa shimoni nyuma ya nyumba.

Hapa ndipo ninapoirudia ngoma. Kuchanganya majivu na taka si kazi inayomshinda mkulima aliyezoea jembe. Lakini juu ya kazi hiyo nyepesi imepakwa dawa kali, nayo ni aibu. Nani atakayekubali jirani aseme kwamba kabichi zake zimekuzwa kwa kitu kile? Dawa hiyo haiondoki kwa hotuba, wala kwa mtu kungoja siku atakayoamka akiwa na moyo mkunjufu. Hupungua pale mmoja anapofanya mbele ya wenzake, wakauona utaratibu wa moto na wa usafi, wakahesabu mahindi, na siku ya pili mwengine akaja kuuliza. Kwa hivyo hamasa, ambayo sisi huitafuta kama sharti la kuanza, aghalabu ni tunda la mwanzo wenyewe. Huja baada ya kitalu cha kwanza, na huja kwa wengi zaidi kuliko aliyekilima.

Sisemi kwamba Chonyonyo pamemaliza taabu zake. Kiangazi kipo, na kitalu cha majaribio si shamba la kijiji kizima. Wala sisemi kwamba kila aliyekaa amekaa kwa hiari yake. Wako wenye vidonda vya Grant, na wako waliozuiliwa na mambo mazito kwa hakika, ambayo hayakupakwa na mtu. Ninalolisema ni dogo zaidi, na nadhani linatuhusu hata sisi wa pwani ambao mboji yetu ni maneno. Kabla ya kusema kwamba jambo ni zito, tulipime mbali na tulivyolipaka. Tukiona kwamba lenyewe ni jepesi kama unyoya, tuanze na kidole. Na tukiona kwamba kidole hakitoshi, tusione haya kumwita jirani, kwani hata Mukama wa Karagwe aliitiwa.

Nami karatasi zangu zimo mkobani. Nimezitoa asubuhi ya leo, nikaandika ubeti wa nne. Si mzuri, lakini wa tano umenijia wenyewe.