Timu Isiyokuwamo Kwenye Gemu

AS Maniema Union ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024/25. Kijana wa Kindu, mji wa timu hiyo, anayetaka kuichezesha kwenye gemu ya mpira inambidi aitengeneze mwenyewe: achukue timu nyingine, aibadilishe jina, aivike jezi aliyoichora, abandike majina ya wachezaji. Faili la timu hiyo huvuka mto Lualaba kwa kadi ya memori au Bluetooth. Je, amevunja sheria?

Ajabu ni kwamba mazoea haya yamechochewa na leseni zenyewe. Leseni ya Ligi Kuu ya England ilishikwa na kampuni ya EA, basi kwenye PES, gemu ya kampuni ya Konami, Chelsea ikaitwa London FC, Liverpool ikawa Merseyside Red. Konami iliacha wazi sehemu ya kuhariri timu, na wachezaji wakarudisha majina wenyewe.

Mahakamani mambo hayakunyooka. Game Genie kilikuwa kifaa cha kuchomeka kati ya kaseti na mashine ya Nintendo, mchezaji aongezewe maisha. Nintendo ilishtaki ikashindwa: mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya Marekani iliona kifaa hakikuunda kazi mpya ya kudumu. Mwaka 1998 mahakama hiyohiyo iliamua vingine. Kampuni ya Micro Star ilikuwa imekusanya hatua 300 za Duke Nukem 3D, zilizobuniwa na wachezaji, ikaziuza kwenye CD. Mafaili hayo hayakubeba picha za gemu. Yaliziita tu kutoka gemu yenyewe. Haikusaidia. Mahakama ilisema huo ni mwendelezo wa hadithi ya Duke, na mwendelezo ni wa mwenye hadithi. Wabunifu wa hizo hatua 300, waliofanya kazi yote, hawakuwa hata upande mmoja wa kesi.

Kwetu Kongo kuna Ordonnance-loi 86-033 ya 5 Aprili 1986, enzi ya Zaïre: kazi ya mtunzi haibadilishwi bila ruhusa yake. Ruhusa ndiyo kiini. Maleo, watengenezaji wa Bus Simulator Indonesia, wanawaruhusu wachezaji kuingiza magari yao, ndiyo maana matatu za Kenya zinatembea humo bila ugomvi.

Kwa maoni yangu, anayegawa jezi bure yuko mbali na Micro Star. Anayetoza pesa kupakia gemu nzima iliyobadilishwa yuko karibu, tena kunakili gemu nzima ni kosa jingine, jezi iwemo isiwemo. Mchoraji wa Kindu, soma masharti ya gemu kabla hujaanza kuuza.