Supachaja katika gari la michezo: Hewa haitoshi bila hesabu

SUPACHAJA ni mtambo unaosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini ili injini hiyo iweze kuchoma petroli nyingi zaidi na kutoa nguvu zaidi. Mtambo huu huzungushwa na injini yenyewe kupitia ukanda, tofauti na tabo ambayo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye ekzosi. Kwa sababu hiyo, supachaja huitikia papo hapo dereva anapokanyaga mafuta, sifa inayowavutia mno wapenzi wa magari madogo ya kasi.

Kwa fundi wa ridhaa, yaani mtu anayelitengeneza gari lake mwenyewe nyumbani mwishoni mwa wiki, kufunga mtambo huu ni kazi inayowezekana. Bolti, puli na mabomba havimshindi mtu mwenye spana na subira. Kigumu ni kile kisichoonekana kwa macho: kuhakikisha kwamba petroli na moto wa plagi vinalingana na hewa iliyoongezwa. Asiyelizingatia hilo huenda akaiharibu injini nzima katika safari ya kwanza.

Asili ya mtambo

Aina ya supachaja inayofungwa sana na mafundi wa ridhaa huitwa Roots. Jina hilo linatokana na ndugu wawili Wamarekani, Philander na Francis Roots wa mji wa Connersville, jimbo la Indiana, waliosajili hataza ya mtambo wao mwaka wa 1860, kabla ya magari kuwapo. Wakati huo ulitumika kupuliza hewa katika tanuri za viwanda. Mwaka wa 1885, Gottlieb Daimler alisajili hataza ya kuongeza hewa ndani ya injini, na kufikia miaka ya 1920 Mercedes ilikuwa ikiuza magari yenye supachaja.

Tangu enzi hizo mtambo huu umekuwa na wapinzani. W. O. Bentley, mwasisi wa kampuni iliyobeba jina lake, hakutaka ufungwe kwenye magari yake; aliamini kuwa heri injini kubwa zaidi. Katika mbio za Le Mans mwaka wa 1930, Bentley zenye supachaja hazikufika mwisho, ilhali Bentley za aina ya Speed Six, zisizo na mtambo huo, zilitwaa nafasi ya kwanza na ya pili.

Mfano wa MX-5

Miongoni mwa magari yaliyofungwa supachaja na wenyewe mara nyingi ni Mazda MX-5, iliyozinduliwa katika maonyesho ya magari ya Chicago, Marekani, Februari 1989. Gari hilo la viti viwili lina uzani usiofika tani moja, na injini yake ya kwanza ya lita 1.6 ilitoa nguvu-farasi 116 katika soko la Marekani. Walioona nguvu hizo ni chache walianza kutafuta njia ya kuziongeza. Kampuni ya Jackson Racing iliuza seti iliyotumia supachaja ya Eaton M45, ambayo mwenye gari angeweza kuifunga bila kuichomoa injini.

Nambari 45 ina maana yake. Kila rota zinapozunguka mara moja, mtambo husukuma inchi 45 za ujazo za hewa, yaani takriban lita 0.74. Injini ya lita 1.6 huhitaji lita 0.8 kwa kila mzunguko. Hivyo, supachaja ikizunguka kwa kasi ile ile ya injini haitaongeza kitu, itaibana pumzi. Ndiyo maana puli yake huwa ndogo kuliko ile ya krenkshafti, ili izunguke kwa kasi zaidi. Puli ikipunguzwa tena, shinikizo hupanda, na hatari nayo hupanda.

Mtambo huo huo wa M45 ulifungwa kiwandani katika MINI Cooper S iliyouzwa kuanzia mwaka wa 2002, gari ambalo pia lilikuwa na injini ya lita 1.6. Hata hivyo, wahandisi hawakuongeza supachaja peke yake. MINI Cooper ya kawaida ilikuwa na uwiano wa mbano wa 10.6 kwa 1. Katika Cooper S uliteremshwa hadi 8.3 kwa 1. Vilevile, hewa ilipitishwa katika kipoza hewa kilichowekwa juu ya injini. MX-5 ya kwanza ina uwiano wa 9.4 kwa 1, nayo ilitengenezwa bila kutarajia hewa ya kusukumwa. Fundi wa ridhaa anaanza kazi akiwa na injini ambayo haikuandaliwa hivyo.

Adui ni joto

Hewa inayokandamizwa hupata joto. Shinikizo likiongezwa kwa pauni 6 kwa kila inchi ya mraba, hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 25 inaweza kutoka kwenye supachaja ikiwa imepita nyuzi 70. Ndani ya silinda, joto hilo linaweza kuufanya mchanganyiko wa hewa na petroli uliosalia ujiwashe wenyewe kabla ya kufikiwa na moto wa plagi. Mafundi husema injini inagonga. Mlio wake ni kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, na ukiendelea hupasua pistoni au kuitoboa.

Kinga yake ni mambo mawili. Kwanza, petroli iongezwe. Kwa mwendo wa kawaida, injini huchoma sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzani. Chini ya shinikizo, uwiano huo hushushwa hadi karibu 12 kwa 1. Hili huhitaji injekta kubwa zaidi au kifaa cha kupandisha shinikizo la petroli, pamoja na pampu inayoweza kustahimili kazi hiyo.

Pili, moto wa plagi ucheleweshwe. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni digrii moja kwa kila pauni moja ya shinikizo lililoongezwa. Wamiliki wengi wa MX-5 huwa wameusogeza moto mbele, kutoka digrii 10 za kiwandani hadi 14, ili kupata wepesi zaidi. Kabla ya kufunga supachaja, ni lazima urudishwe ulipokuwa. Aidha, plagi za kawaida hubadilishwa na zile zinazotoa joto kwa haraka zaidi.

Utaratibu wa kazi

Kazi huanza kwa kuipima injini. Mbano wa silinda zote nne sharti ukaribiane. Injini iliyochoka haistahili supachaja. Kisha betri hutenganishwa, shinikizo la petroli hutolewa kwenye mabomba, na matundu ya kuingizia hewa huzibwa kwa kitambaa safi ili nati isitumbukie ndani. Gasiketi kuukuu hazirudishwi. Puli zote ni lazima zikae katika mstari mmoja, la sivyo ukanda utaruka au kukatika.

Injini ikishawashwa, mabomba hukaguliwa kama yanavuja. Dereva hakanyagi mafuta hadi mwisho kabla ya kusoma uwiano wa hewa na petroli kwa sensa ya masafa mapana, kwa kuwa sensa ya kiwandani ya magari ya wakati huo haiwezi kuupima vyema uwiano wa 12 kwa 1. Breki na klachi nazo hukaguliwa, kwani nguvu zaidi huzitwika mzigo zaidi.

Kwa fundi wa Kenya, mwinuko wa nchi ni suala la kuzingatiwa. Jijini Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 likilinganishwa na pwani. Supachaja ya Roots huzidisha hewa inayoikuta. Gari lililorekebishwa Nairobi likaonekana salama, likiteremka hadi Mombasa litameza hewa nzito zaidi, na yenye joto zaidi. Injini iliyonyamaza kimya Nairobi inaweza kuanza kugonga pwani.

Kwa hivyo, marekebisho ya mwisho yapaswa kufanywa kwa kuzingatia mahali penye hewa nzito zaidi ambapo gari litaendeshwa. Nguvu chache zitapotea jijini, lakini pistoni zitabaki nzima. Tamaa mbele, mauti nyuma.